Fundi Aliyepiga Goti

Wiki iliyopita nilikuwa gereji hapa Bukoba, mwanangu mgongoni, nikisubiri pikipiki ya mume wangu. Likaingia gari kubwa la kifahari, la mtumba, limelala chini kama kuku anayeatamia. Mwenyewe alilinunua ili ampeleke mama yake kliniki kutoka Kamachumu bila mgongo kumuuma.

"Shokapu za upepo zinavuja," fundi akamwambia. "Mpya zote nne, utauza kahawa ya misimu miwili. Nikikufungia springi za kawaida, unapona. Ila litakaa juu moja kwa moja, halitashuka tena mtu apande."

Mwenye gari akamtazama mama yake aliyekaa ndani. "Likiwa juu hawezi kupanda. Inabidi nimbebe, na hapendi kubebwa mbele za watu."

Fundi akazunguka gari. Alifungua mlango wa mama, akapiga goti kwenye oili, akaanza kupima kwa shubiri kutoka chini, apate urefu wa ngazi ya kuchomelea chini ya mlango, mama apande mwenyewe.

Mama akadhani anasalimiwa. "Marahaba, mwanangu! Nilijua vijana wa mjini mmeacha kupiga magoti." Akafungua mkoba, akampa punje za kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni wa heshima huku kwetu.

Fundi angeweza kusema alikuwa anapima tu. Aliipokea kwa mikono miwili, akabaki amepiga goti mpaka mama alipomaliza kumuuliza habari za kwao.

Mwenye gari alipouliza bei ya ngazi, fundi alikuwa bado anatafuna.

"Hiyo nimeshalipwa," akasema.