Maji Miguuni mwa Mjomba

Mwaka ule watu wa sokoni walinisifu kuliko wakati mwingine wowote. Muuza nyanya wangu wa siku zote aliniona kwa mbali, akaweka mikono kiunoni.

"Mwalimu! Umenawiri! Shavu hilo! Mama anakulisha nini huko Mazimbu?"

"Maharage tu," nikamjibu, nikacheka, nikabeba fungu moja zaidi ya nililokusudia.

Niliamini. Mtu akiongezeka mwili sisi hufurahi naye, na mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kufurahi. Kabla ya hapo nilikuwa nimepitia kipindi kigumu. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni ninakofundisha kemia, nakaa kwenye kiti cha barazani, nashindwa hata kuvua viatu. Ndevu zilikuwa zimepungua. Nilikuwa mkali kwa mke wangu bila sababu, kisha nasikitika peke yangu. Vipimo vilipofanywa, ikaonekana mwili wangu hautengenezi homoni ya kiume ya kutosha, ile iitwayo testosteroni. Nikaanza kuchomwa sindano ya homoni hiyo kila baada ya wiki tatu.

Naeleza wazi kwa sababu najua wanaume wengi husoma habari kama hii kwa kujificha. Hakuna cha kuficha. Kuna watu miili yao haitengenezi insulini, wanachomwa insulini. Mimi wangu hautengenezi testosteroni, nachomwa testosteroni. Baada ya miezi michache nilikuwa mtu mwingine. Nilipanda ngazi za shule nikipiga mluzi. Wanafunzi wakaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Halafu soksi zikaanza kuniachia alama. Nikizivua jioni, palibaki mfereji mzima kuzunguka mguu, kama mtu aliyefungwa kamba. Pete ya ndoa ikakwama kidoleni. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na macho yake hayapitwi na kitu, alinikalisha siku moja mchana, akaubonyeza ugoko wangu kwa kidole gumba, akakiondoa. Kikabaki kishimo. Tukakitazama wote wawili. Kilijaa polepole sana.

"Baba watoto, hii siyo nyama," akasema. "Hayo ni maji."

"Ni unene tu."

"Mimi nimepima watu nguo miaka yote hii. Unene naujua. Kesho nenda hospitali."

Sikwenda. Niliogopa kwamba nikisema nimevimba, daktari ataniondolea sindano, nami nitarudi kwenye kile kiti cha barazani. Kwa hiyo nikaamua kujitibu kwa akili zangu. Nikaacha chumvi kabisa: mchuzi wangu ukapakuliwa kabla haujatiwa chumvi, yai nikalila kavu. Tena, kwa kuwa tatizo lilikuwa maji, nikapunguza kunywa maji. Joto la Morogoro unalijua. Nilishinda darasani midomo imekauka, kichwa kinauma, na miguu iko vilevile.

Katika hali hiyo dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka milimani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaka, mtoto wetu amepata mchumba. Watu wa Mikese. Wanakuja Jumamosi ya sita kuanzia hii."

"Mungu mkubwa! Hongereni."

"Usinipongeze, jiandae kupanda. Kijana anaondoka wiki inayofuata kwenda kuanza kazi Mwanza, harudi hadi mwaka ujao. Siku ikipita, imepita."

Ni lazima nieleze hapa. Kwetu Uluguru ukoo unakwenda kwa mama. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa mama yao. Wa ukoo wangu ni watoto wa dada, na binti wa dada akiposwa, jibu hutoka kinywani mwa mjomba wake, akiwa ameketi ndani ya nyumba ya ukoo. Kaka zetu wengine wawili walishafariki. Mjomba nilibaki mimi. Na nyumba ya ukoo iko juu. Gari linapita Mlali, linapanda kwa tabu, linaishia. Bodaboda nazo zinafika kwenye daraja la miti, basi. Baada ya hapo ni mguu, mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya, na sehemu nyingine njia imesimama kama ukuta.

"Dada, miguu yangu haiko sawa siku hizi. Labda niseme kwa simu, mweke sauti kubwa..."

"Jibu la simu?" Akacheka hadi akakohoa. "Hata mbuzi watakushangaa. Au unataka tukutumie machela?"

Jioni ile nilijaribu kuvaa viatu vyangu vya safari. Havikuingia. Wiki sita, na mguu haupiti hata kwenye kiatu. Asubuhi yake nilikwenda hospitali, mke wangu akinisindikiza ili nisikate kona.

Muuguzi aliyekuwa akinichoma sindano alikuwa Mnyamwezi, yaani mtani wangu, na mtani hana huruma.

"Mluguru anashindwa kupanda mlima!" akawatangazia watu wote kwenye benchi. "Jamani, nyie si mnazaliwa mguu mmoja mfupi ili msimame sawa kwenye mteremko?"

"Nichome sindano yako, wewe mpagazi."

"Leo sikuchomi. Leo unamwona daktari."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Hakushtuka. Alipima presha, akasikiliza moyo na mapafu, akaagiza nipimwe figo, ini, uzito wa damu na kiwango cha homoni. Alisema mtu akivimba miguu, kitu cha kwanza ni kuhakikisha kwamba si moyo wala figo vinavyolalamika, na hilo halipimwi kwa kidole gumba cha mke, hata kama mke ni hodari. Majibu yalipotoka, moyo wangu na figo vilikuwa vizima. Nilitamani kumkumbatia muuguzi mtani.

Kisha daktari akachukua kalamu, akachora mstari kwenye karatasi. Mstari ulipanda ghafla kama njia ya kwetu, ukashuka taratibu.

"Hii ni wewe na sindano yako," akasema. "Ukichomwa, homoni inapanda juu sana siku za mwanzo. Mwili ukiona ni nyingi, sehemu yake unaigeuza kuwa estrojeni."

"Si hiyo ya wanawake?"

"Wote tunayo. Nyie wanaume mnayo kidogo, na mnaihitaji, hata mifupa yenu inaitegemea. Ila testosteroni ikipanda, na estrojeni nayo ikapanda nyuma yake, zote zinaziambia figo zishikilie chumvi. Na chumvi inapobaki, maji yanabaki nayo. Wewe unaona shavu."

Nikamuuliza kuhusu dawa ya kuzuia estrojeni, ambayo mwalimu mwenzangu alinong'ona kwamba inapatikana. Akatikisa kichwa. Ukiikandamiza estrojeni kupita kiasi, alisema, viungo vinauma na mifupa inadhoofika, unakuwa umetoka shimo moja ukaingia lingine. Kwangu mimi alitaka kwanza kuutuliza ule mstari. Dozi yangu akaipunguza kidogo, kisha badala ya kuichukua yote kwa mkupuo mmoja kila wiki tatu, akaigawa nichomwe kidogo kidogo kila wiki.

Hapo nilimwelewa vizuri sana. Kila mwaka nawafundisha vijana kupima asidi kwa kutumia besi. Anayemimina kwa pupa anapita pale alipotakiwa kusimama, rangi inabadilika kwa nguvu, anaanza upya. Anayedondosha tone kwa tone anafika. Mwili wangu nilikuwa naumiminia.

"Na chumvi nimeshaacha kabisa," nikaongeza kwa majivuno. "Hata maji nimepunguza."

"Maji kunywa, tafadhali. Hayo ya miguuni si maji ya kunywa yaliyokosa njia, ni maji yaliyoshikiliwa na chumvi. Chakula kikuu nyumbani ni nini?"

"Maharage," akasema mke wangu. "Na mlenda. Anapenda sana mlenda."

"Mnapika na nini?"

"Na magadi. Bila magadi maharage yetu hayaivi mapema, na mlenda hauvutiki."

Daktari akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni wa kemia. Magadi ni nini?"

Nikafungua mdomo. "Ni sodiamu kabo..."

Sikumaliza. Miaka zaidi ya ishirini nimeandika neno lile ubaoni. Nimewatungia wanafunzi mitihani. Nimempa sifuri mtoto aliyesahau kwamba ndani ya magadi mna sodiamu, kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi ya mezani na ambacho ndicho kinachoshikilia maji. Kisha nimekwenda nyumbani, nikasukuma kopo la chumvi pembeni kama mtakatifu, nikala bakuli mbili za magadi.

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Daktari alijitahidi, akashindwa. Mlango ukafunguliwa, mtani akachungulia: "Kuna nini?" Akaelezwa. Kuanzia siku hiyo kila Jumatano, ninapofika kuchomwa, ananipokea hivi: "Profesa Magadi, karibu, geuka."

Wiki zilizofuata nazikumbuka kama sikukuu ndefu. Mke wangu alianza kuloweka maharage tangu jana yake na kuyachemsha taratibu bila magadi. Mlenda ulipikwa kwa bamia na majani ya maboga, haukuvutika kama zamani, nami nikaula nikisifia. Chumvi ilirudi, chembe kidogo. Maji nikanywa. Asubuhi tulitembea hadi kwenye chuo cha jirani na kurudi, yeye mbele, mimi nyuma nikihesabu miti. Tukirudi alichukua futi yake ya kushonea, akanizungushia kwenye kifundo cha mguu, akaandika kwa chaki kwenye ukuta wa chumba chake cha cherehani, chini ya vipimo vya gauni za wateja.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Nikanung'unika.

"Umewahi kuona gauni linaisha siku moja?" akaniuliza, pini zikiwa mdomoni.

"La harusi ya binti wa jirani."

"Lile lilipasuka."

Wiki ya pili futi ilisogea kidogo. Ya tatu, pete ikazunguka kidoleni. Ya nne tulirudi kupima damu, na daktari akauchora ule mstari upya. Sasa ulikuwa vilima vidogo vidogo, kama mashamba ya Mlali. Nguvu zangu zilikuwepo zote. Sikurudi kwenye kiti cha barazani, kile nilichokiogopa hadi nikanyamaza. Ningesema mapema, ningepumzika mapema. Daktari ni wa kuambiwa, hasa pale unapodhani hutapenda jibu lake.

Ijumaa ya wiki ya sita nilivaa viatu. Viliingia. Jumamosi alfajiri tukashuka kwenye bodaboda darajani, mimi na mke wangu, tukaanza kupanda. Sikukimbia. Nilisimama kila palipo na kivuli, nikainua suruali, nikatazama miguu. Ilikuwa miguu tu. Kulikuwa na mifupa kwenye vifundo! Chini mji wa Morogoro ulikuwa bado kwenye ukungu. Nilifika kwa dada jua likiwa halijapata ukali, jasho linanitiririka, nimecheka njia nzima.

"Marahaba, marahaba," dada aliitikia kabla sijamaliza shikamoo, akinizunguka. "Umekonda! Nani kakuambia ukonde?"

"Daktari."

"Haya, kaa. Wageni wanakuja."

Tukakaa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mpwa wangu, binti anayeposwa, alikuwa ndani na mashangazi, kila dakika tano akichungulia dirishani. Saa sita alitoka nje kabisa, macho yamejaa machozi.

"Mjomba, hawaji."

"Wanakuja. Ngoja."

Niliinuka nikashuka njia. Nusu saa chini, pale njia iliposimama kama ukuta, niliwakuta watu wanne wa Mikese wamekaa juu ya mawe. Mshenga wao, mzee mnene wa bondeni aliyevaa koti zito, alikuwa amevua viatu.

"Kijana," akaniambia bila kuinua kichwa, "kimbia juu umwambie huyo mjomba asikasirike. Tunakuja. Tunapumua tu."

"Shikamoo mzee. Hajakasirika."

"Umemwona leo? Ni mkali?"

"Mjomba ni mimi."

Mzee akaruka kusimama, kiatu kimoja mkononi, akaanza kuomba radhi kwa lugha zote alizojua. Mwenzake mmoja akaangua kicheko, na mwishoni tukacheka wote hadi mlima ukaitikia. Nikachukua mkoba wake, nikamshika mkono, tukapanda hatua kwa hatua, tukipumzika kila alipotaka. Nilijua pa kusimama.

Dada alikuwa mlangoni. "Mjomba gani huyu anawabebea mizigo waposaji?" akapiga kelele. "Utatuaibisha!"

Waliingia, wakapewa maji, mshenga akatoa maneno yake akiwa bado anatafuta pumzi. Kisha wote wakanitazama. Nikamwita mpwa wangu.

"Mwanangu, watu hawa wamepanda hadi hapa. Niwajibu nini?"

Aliinamisha kichwa, lakini sauti ilitoka imara. "Wajibu wakae, mjomba."

"Mmesikia," nikawaambia wageni. "Kaeni."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Mshenga, ambaye alikuwa tayari amekaa, akasimama ili akae tena vizuri.