Mwanika Dagaa na Swali la Siku Saba

Saa mbili asubuhi, Elida Selestini anafagia mchanga usio na hata dagaa mmoja. Anafagia, anasimama, anaangalia ziwa, anafagia tena. Kukaa hawezi.

Ni wiki ya mbalamwezi hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa za wavuvi. Mitumbwi inabaki ufukoni na waanikaji kama Elida wanalala njaa. "Giza likirudi nitakosa hata nafasi ya kujikuna," anasema. "Sasa hivi nahesabu mawimbi."

Lakini kwenye hesabu za kata, mama huyu wa miaka arobaini na mitatu ana kazi. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita, kijana wa takwimu, Pastory wa Mwandiga, alipita nyumba kwa nyumba. Mtaa wenye wengi wasio na kazi ndio ungepewa vibarua vya barabara. Aliuliza: siku saba zilizopita, umefanya kazi ya kipato, hata kwa saa moja? Ilikuwa mbalamwezi vilevile, Elida hajagusa dagaa. Akajibu anafanya kazi Jumatatu hadi Jumatatu.

Uongo wa nini, jamani? Wazazi wake walivuka kutoka Kongo; yeye kazaliwa Ujiji. Ila mwaka huu wa 1997, wakimbizi wa vita vya Kongo wakishuka kila siku, mwenye asili ya ng'ambo anaangaliwa mara mbili. "Ukisema huna kazi, watakuuliza umekuja lini," anasema. "Kufumba na kufumbua, uko kwenye lori la kambini."

Majirani wenye asili hiyo nao waliogopa, wakajibu vilevile. Mtaa ukaonekana una kazi tele, vibarua vikaenda kwingine. Hidaya, muuza uji, hamung'unyi maneno: "Mdomo umeponza kichwa." Na Dunia, binti wa Elida, amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Watu wamelalamika, na leo Pastory amerudi kuuliza upya.

"Shikamoo mama. Siku saba hizi, umefanya kazi, hata saa moja?"

Elida anakaza kanga kiunoni.

"Marahaba. Sijafanya, mwanangu. Sina kazi."

Kijana anaandika, kisha anainua macho. "Na kwenu ni wapi, mama?"

Hapo kando, Hidaya anaacha kukoroga uji. Elida anaweka fagio chini.

"Hapa. Nimezaliwa Ujiji, na Dunia wangu kazaliwa Ujiji. Andika, halafu unioneshe pa kuchukulia jembe la barabara."