Ngozi Iliyofutwa kwa Spiriti

Kwa miaka kumi na tisa Weris, mtaalamu wa maabara, amefuta kwa spiriti kila kitu kilichomkaribia: meza, chupa, mikono ya watu, shingo za ngamia. Jana mfugaji Abdisalam alimkabidhi ngozi ya ndama wake wa ngamia aliyekufa, akaitie chumvi isioze. Aliifunga ndani ya mtandio wake, akaipeleka maabara Garissa. Nzi waliizonga. Alikuwa amechoka, na mkono uliochoka hufuata mazoea: aliifuta yote kwa spiriti. Mtandio hakuufua, maana maji ya bomba yalikatika. Leo aliutandaza tu juu ya sanduku la barafu la kuhifadhia chupa za damu, uzuie jua.

Sasa ni saa nne, nje kidogo ya Bura, na barafu imeanza kulia kwa kuyeyuka.

Ndani ya ubongo wa ngamia, Weris huwaeleza wafugaji, kuna seli zilizojaa vifuko vidogo visivyoonekana, na ndani ya vifuko kuna kemikali ya kushusha maziwa. Mama akimnusa mwanawe, vifuko hufunguka, kemikali ikamwagika kwenye damu. Baada ya dakika chache haipo. Ndiyo maana huchota damu kila nusu dakika, kupitia mrija mwembamba shingoni, ajue ubongo umefungua mkono wake lini, na kwa kiasi gani.

Huyu aliyefiwa ndiye ngamia pekee mwenye maziwa nyumbani kwa Abdisalam. Tangu ndama afe amekataa kukamuliwa mara mbili. Akikataa na leo, maziwa yatakauka.

Abdisalam alimwekea ngozi puani. Ngamia alinusa, akafumba pua, akageuza shingo. Teke likairusha ndoo.

"Umeifanya nini hii ngozi?"

"Nimeisafisha, adeer," Weris alijibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Umeisafisha! Ndama wangu alikufa juzi, wewe umemuua tena leo. Ananuka hospitali. Ungekuwa wewe, ungenyonyesha sindano?"

Weris aliketi chini kando ya sanduku, magoti yakamuuma, akaitazama damu ya kwanza aliyoichota, ndani ya chupa. Matokeo yake aliyajua bila mashine: hakuna kitu. Alifikiri juu ya kazi yote ya kusafisha aliyoifanya duniani.

Abdisalam alisogea, akainama, pua yake ikichezacheza.

"Nini hiki juu ya sanduku?"

"Mtandio wangu. Ndio uliofunga ngozi jana. Haujafuliwa, adeer, nisamehe."

"Nikusamehe? Alhamdulillahi! Lete hapa."

Alitupa ngozi mbali, akauvingirisha mtandio kwenye fungu la nyasi, akaanza kumwimbia ngamia taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Ngamia alishusha kichwa. Alinusa. Alinusa tena, kwa muda mrefu, kisha akatoa mlio mdogo wa kooni.

Weris aliinuka kwa shida, akachota damu upya. Chupa ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu akasikia maziwa yakigonga ndoo, na macho yake yakajaa machozi, lakini mkono haukusimama mpaka chupa ya kumi na mbili ilipozama kwenye barafu.

"Mtandio wangu, adeer," alisema akifunga sanduku.

"Na kesho alfajiri nimwambie mama huyu nini?"

Weris alimtazama ngamia, pua bado imezama kwenye kitambaa. Akavua koti lake jeupe la maabara, akalitandaza juu ya sanduku.

"Basi usiufue," alisema, akaelekea garini.