Vifaranga wa Chumbani kwa Mama Mkwe

Kukaa siwezi. Mtu akiniambia, "Bibi, kaa upumzike," naona kama ananitukana. Nilipoteguka mguu kisimani kwetu Nkoma, binti yangu alikuja na gari, akanibeba kama gunia, akanishusha nyumbani kwake Bariadi mjini. Mguu ukapona. Yeye akajifanya amesahau kunirudisha.

Nyumba yake nzuri, sikatai. Sakafu ya vigae, maji yanatoka ukutani. Lakini asubuhi yeye anaondoka kwenda ofisini kwake Lagangabilili, wajukuu wanakwenda shule, mimi nabaki nafagia palipokwisha kufagiwa. Nikimaliza nakwenda getini, natazama barabara, narudi. Nakaa kidogo, nainuka, nakwenda tena getini. Majirani walidhani nimepoteza kitu. Kila jioni namuuliza binti yangu, "Narudi lini kwangu?" Naye kila jioni ana jibu jipya. Barabara mbovu. Mguu bado. Nyumba imeota majani.

Siku moja akaniambia, "Huko peke yako utafanya nini, mama? Hata kuku huna. Wote waliisha kwa ugonjwa wa mdondo."

"Nipe kuku niondoke nao."

Kesho yake akarudi na boksi la vifaranga, wale chotara wanaototolewa kwa mashine, hawajawahi kumwona mama yao. Akaliweka mezani, akanikazia macho. Huyu mtoto nimemzaa mimi, lakini macho yale kayatoa kwa mama mkwe wangu.

"Haya," akasema. "Hawa wakiota manyoya wakaweza kulala nje bila moto, nakurudisha Nkoma mwenyewe, mimi na mume wangu. Lakini wakikufia, mama, habari ya Nkoma tuifunge. Mtu aliyeshindwa vifaranga ndani ya nyumba ya umeme atawezaje kuishi peke yake porini?"

"Nkoma siyo porini," nikamjibu. "Lete hilo boksi."

Nikawapeleka chumbani kwangu, maana ndicho chumba kisichopitisha upepo. Binti yangu akaning'iniza taa juu yao, tukazungushia maboksi yaliyokatwa wasitawanyike. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu ya mkwe.

Mume wa binti yangu ni fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha anayatengenezea hapo hapo mbele ya nyumba, kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Na kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kuepukana. Hatutazamani usoni. Hatupeani mkono. Akipita huku, mimi napita kule. Chumba ninacholala, yeye kuweka mguu ni aibu kubwa. Siku hizi mjini naona vijana wanakula meza moja na mama wakwe zao, wanachekeana meno nje. Shauri yao. Mkwe wangu kalelewa. Akiwa na neno la kuniambia anampa mke wake, naye ananiletea, hata kama mimi nimesimama pale pale nasikia yote.

Sasa mke yuko ofisini, mimi niko chumbani na vifaranga, dirisha langu linatazamana na karakana yake. Atampa nani neno?

Ilianza na pamba. Nilikuwa nimekuja na kiroba cha pamba fifi, ile chafu ya mwisho wa msimu ambayo mnunuzi anaitupia jicho tu, nikidhani nitashonea mito. Nikawatandikia vifaranga. Mimi nimezaliwa kwenye pamba, nimelea watoto juu ya pamba, nikaona hakuna kitu laini kama hiki duniani. Wakajilaza, nikafurahi. Kulipokucha nakuta wanaanguka hovyo kama walevi. Nyuzi zimewafunga miguu, nyingine zimezama mpaka kwenye nyama. Wengine walikuwa wameila, gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limevimba gumu kama jiwe. Wale walikufa mikononi mwangu.

Nikakaa chini na wembe, namkamata mmoja mmoja, nakata uzi kwenye mguu usiozidi njiti ya kiberiti. Namweka kando, namchukua mwingine. Nawaza, wakiisha hawa, nimeisha na mimi, nitazikwa kwenye vigae. Ndipo nikasikia mtu anakohoa chini ya dirisha. Mkwe huyo, kanipa mgongo, anatazama geti lake.

"Vifaranga," akasema kwa sauti, "mwambieni mayu kwamba pamba iondolewe. Maranda ya mbao nimeyatoa kwa seremala hapo jirani. Nimeyaweka mlangoni."

Nikaweka wembe chini. Mayu ni mama, anayesemwa ni mimi, lakini hakunisemesha mimi. Nikatafakari, nikaona hakuna heshima iliyovunjika. Nikamgeukia kifaranga niliyemshika.

"Mwambie baba huyo ahsante. Na mwambie asimweleze mtu."

"Vifaranga, mwambieni mayu mimi sijaona kitu."

Tangu siku ile tukawa tunazungumza hivyo. Asubuhi: "Vifaranga, mwangaluka!" Nami namjibu kwa niaba yao. Kila alipogusisha umeme kwenye chuma, taa yangu ilififia, na wale watoto wote wanakimbilia katikati wanalia. "Mwambieni fundi anatuua kwa baridi!" napiga kelele. Anaacha kazi, anakunywa maji, taa inawaka vizuri, anaanza tena.

Umeme ukikatika niliwawekea chungu cha mkaa, nimeufunika majivu joto litoke taratibu. Siku moja nilikuwa na haraka, nikauingiza haujashika.

"Vifaranga! Mbona huko ndani moshi? Mwambieni mayu autoe nje kwanza, mtakufa wote na yeye."

"Mwambieni nimepika kwa mkaa kabla hajazaliwa!"

Nikautoa. Macho yalikuwa yananitoka machozi, nisingeutoa ningefanyaje.

Joto la kifaranga halipimwi kwa kubahatisha, yeye mwenyewe anakuonyesha. Wakijikusanya chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, unawachoma. Wakitawanyika wanadonoadonoa na kulala ovyo, hapo pamekaa sawa. Kila walivyozidi kukua nilipandisha taa kidogo, kisha nikawa naizima mchana, nairudisha jioni. Mkwe akawatengenezea kibanda cha waya cha kuwekwa uani wakaote jua, wazoee upepo, warudi ndani kabla jua halijapoa. Aliniambia, yaani aliwaambia wao, tuanze na muda mfupi, na siku yenye jua tu.

Lakini mimi nilikuwa nawashwa. Nilikuwa nawatazama mabawani kila mara, natafuta manyoya kama mtu anayetafuta chawa. Mgongoni walikuwa bado na yale manyoya laini ya malaika, ya utotoni, mimi najiambia wameshaota. Siku hiyo wingu limetanda upande wa Maswa, nikaliona, nikasema litapita. Nikawatoa uani asubuhi, nikajitwika mahindi kwenda mashineni kusaga. Nilitaka binti yangu akirudi awakute nje, nimwambie, haya, funga mizigo.

Mvua ilinikuta kwenye foleni ya kusaga. Mvua ya baridi, yenye upepo, inapiga bati hata watu hamsikiani. Niliacha mahindi pale pale. Nilikimbia na mguu ule ule uliowahi kuteguka, khanga imenigandama, viatu nimeshika mkononi, watu wanapiga kelele, "Bibi, utaanguka!" Nilikuwa najiona nimekaa getini miaka yote iliyobaki, natazama barabara.

Uani nikakuta kibanda kimepinduliwa, kitupu. Karakana haina mtu. Nikasikia sauti za vifaranga zinatoka chumbani kwangu.

Nikafika mlangoni, nikasimama. Mkwe alikuwa ndani. Kaketi sakafuni, mgongo kwa kitanda changu, na kichwani kavaa ile kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, ambayo ukiivaa bila moto huoni hata mkono wako. Ovaroli aliyovaa juu ya nguo kaivua, kawakusanya ndani yake, anapapasa gizani anawakausha mmoja mmoja na fulana. Umeme ulikuwa umekatika. Chungu cha mkaa kipo karibu yake, mkaa umeshika vizuri, hauna moshi.

Mimi kuingia siwezi, yeye yumo. Yeye kutoka hawezi, mimi niko mlangoni.

"Vifaranga," akasema ndani ya kofia, "mwambieni mayu sijaona kitu humu ndani."

"Mwambieni najua," nikasema. Meno yanagongana. "Mwambieni huyo aliyeachwa karibu na mguu wa kitanda bado analia."

Akapapasa, akashika kiatu changu kingine kilichokuwa uvunguni. Akakiacha haraka kama kaa la moto. Akapapasa tena.

"Kushoto," nikawaambia vifaranga. "Kushoto zaidi. Hapo."

Akampata. Tukakaa hivyo, mimi nimeegemea ukuta wa nje nachuruzika maji, naelekeza, yeye anakausha, mpaka sauti zao zikabadilika, zikawa zile za chini chini za kuridhika. Kisha nikaenda jikoni kwa makusudi, nikagonga masufuria asikie niko mbali. Akatoka.

Wawili hawakuamka. Nikawazika nyuma ya choo kabla gari la binti yangu halijaingia. Usiku, wakati wa chakula, binti yangu akamuuliza mume wake, "Na mvua ile, vifaranga vipi?"

"Wamelowa kidogo," akasema mkwe. "Wamewekwa kwenye moto."

Hakudanganya, na hakusema ni nani aliyewatoa. Mimi nilikuwa jikoni natafuna tu, sikio moja limesimama.

Baada ya hapo nilijizuia. Ilikuwa kazi kuliko kupalilia. Nikiona jua nawatoa, nikiona wingu nawarudisha, nawatoa, nawarudisha, miguu haitulii lakini mkono wangu nikauzuia usiharakishe. Manyoya yakafunga mgongo mzima. Taa nikaizima jioni moja, wakalala. Kisha wakalala kibandani uani, upepo unapiga, hakuna aliyejikunyata. Binti yangu alizunguka kile kibanda asubuhi akitafuta sababu.

"Ngoja kwanza watage, mama."

"Hukusema kutaga. Ulisema manyoya."

Akachungulia tena kibandani. Mkwe alikuwa kanipa mgongo, anapanga vyuma vyake. Akamwambia mke wake, "Mwambie mama nimeshaita kirikuu cha mizigo. Kinakuja."

Njiani mimi na binti yangu tulikaa mbele na dereva. Mkwe alikaa nyuma juu ya magunia, kalikumbatia tenga la kuku. Tulipofika Nkoma majani yalikuwa yamefika dirishani, na mlango umekaza. Mkwe akashughulika na bawaba. Binti yangu akazunguka nyumba mara nyingi, anagusa kuta, anatikisa nguzo za jiko, anafungua mtungi anauchungulia kama kuna mtu ndani.

"Mama, utaweza?"

"Sogea, unakanyaga mahali pa kuku."

Nikafungua tenga. Wale watoto wa vigae hawakujua majani. Walisimama ukingoni wananyoosha shingo, mmoja akachovya mguu akaurudisha. Sikuwa na muda wa kuwabembeleza. Nikalipindua tenga. Wakamwagika, wakapiga kelele, wakatawanyika kwenye uwanja wangu wote, na mimi nikachukua fyekeo nianze kufyeka kabla jua halijazama, maana kila kichaka pale kingeweza kuficha kicheche.

"Basi utanipigia simu jioni," akasema binti yangu, yuko ndani ya gari, kashika mlango haufungi.

"Nitakupigia nikimaliza."

Alipiga yeye, mara tatu. Sikusikia. Nilikuwa bado nafyeka.