Sharti Lililoachwa Tupu

Dada yangu mkubwa anaandika programu za takwimu katika ofisi ya afya, na nasema wazi: mkuu wake wa kazi ndiye aliyemharibia maisha, na dada mwenyewe akamsaidia.

Aliandika makro moja, yaani programu fupi unayoiita kila unapotaka hesabu ya aina ileile. Unaitajia wodi na mwaka, halafu kuna nafasi ya sharti: nani ahesabiwe, nani aachwe. Si kila hesabu inahitaji sharti, kwa hiyo dada aliipanga hivi: ukiiacha nafasi tupu, makro inasimama, inakuuliza kama kweli unataka watu wote. Ukiwataka wote, unaandika "wote", basi.

Mkuu, mvivu wa kutupwa, alichoshwa na kuulizwa. Kutwa alikuwa mlangoni kwa dada analalamika kwamba kompyuta inamhoji kama mwizi wa kuku. Akataka nafasi ikiwa tupu, makro ichukue wote na iendelee kimyakimya. Dada alibisha, akabisha, mwisho akaliondoa swali. Nilipomuuliza kwa nini, akasema naye ana roho, amechoka kusemwa.

Haya. Ikaja ripoti ya vifo vya akina mama wanaojifungua, ya kuamua wodi zipi zifungwe. Sharti lake lilijulikana na kila mtu pale ofisini: walioletwa mahututi kutoka kwingine wasihesabiwe kwa wodi iliyowapokea. Mkuu akaendesha makro mwenyewe, sharti hakuliandika. Makro haikusema kitu. Ikahesabu wote.

Wodi iliyotoka na vifo vingi kuliko zote ilikuwa ya mama yetu. Mama ni mkunga, na wodi yake ndiyo iliyopokea walioshindikana kwingine, maana yeye hakuwahi kumfukuza mtu. Wakaifunga. Wakamwita mzembe, wakamwachisha kazi mbele ya manesi aliowafundisha yeye.

Dada alipoziona zile namba alishtuka, akarudia hesabu na sharti lake. Wodi ya mama ikatoka miongoni mwa zilizo bora. Akampelekea mkuu. Mkuu akasema uamuzi umeshapita, na wodi imeshageuzwa stoo. Hata haya hana!

Dada akaja nyumbani, akamweleza mama yote, kuanzia lile swali aliloliondoa. Mama alisikiliza huku akikunja nguo.

"Ungeliacha hilo swali," mama akauliza, "ingekuwaje?"

"Angelikumbuka sharti, mama."

Mama akaendelea kukunja. Hakumfokea, na heri angemfokea, maana dada alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku hizi wageni wakimuuliza mama mbona aliacha ukunga, husema miguu ilimsumbua, akaomba mwenyewe kupumzika. Dada huwa yupo palepale, anawamiminia chai, na mama hamtazami.