Samaki wa Salima

Jua lile nalikumbuka hata leo, mwanangu! Umenionyesha akwariamu yako ya samaki uliyoiunda kwa vioo vya dirisha, umeiweka palepale dirishani, na moyo wangu umeruka. Mimi nami nilianza hivyo hivyo.

Nilikuwa msichana, hapa hapa Kasongo. Dada yangu Salima alilazwa hospitalini, akaniachia samaki wake watatu, wadogo kama kidole cha mtoto, waliotoka mtoni kule Nyangwe. Walikaa katika chupa kubwa ya kioo, dirishani. Aliniomba jambo moja tu: akirudi awakute hai. Nikaapa. Kwa kuapa sikuwa na mpinzani!

Mchana mmoja wa kiangazi nilirudi kutoka chemchemi na bidoni ya maji kichwani. Nikagusa chupa. Lo! Moto! Bati juu, jua dirishani, na samaki wanahema juu ya maji. Nilifurahi kuwa nimewahi, nikawamiminia maji yale ya baridi kwa mkupuo mmoja. Wote watatu wakalala ubavu. Nikapiga yowe.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Fatuma, mkunga wa mtaa wetu, mikono yake ingali na povu la sabuni.

"Weye! Mutoto muchanga utamuogesha na maji ya chemchemi?"

"Hapana, Mama. Lakini maji yao ilikuwa moto sana!"

"Ndiyo umewatoa ku moto, umewatupa ku baridi. Maji ya jana iko wapi?"

Maji ya jana yalikuwa kwenye ndoo, pembeni mwa nyumba, yameshapoteza baridi ya chemchemi. Akayapima kwa kiwiko, kama anavyopima ya watoto wachanga, akaanza kuyaongeza kikombe kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba, nami nilitaka kibaba kijae papo hapo! Wawili hawakuamka. Wa tatu akatikisa mkia, nikarukaruka kama mwendawazimu.

Salima aliporudi nilimwambia ukweli. Alilia, kisha akaihamisha chupa mwenyewe.

Basi mwanangu, iondoe akwariamu dirishani leo hii. Iweke penye ukuta mnene, mbali na jua. Maji mapya yalale humo chumbani usiku kucha, ndipo uyaongeze kidogo kidogo. Joto likizidi, izungushie kitambaa chenye maji. Unayempenda usimshtue, hata unapomwokoa.

Mungu akupe mkono mpole. Na Salima atakapokuja kukutembelea, awakute samaki wako wote wanaogelea, maana bibi huyo mpaka leo akiona samaki lazima awahesabu.