Kipindi cha Mwisho Ijumaa

Mwalimu wa taaluma wa shule ndogo ya kanisa huko Nyambureti hufuta ubao kwa kiganja. Dasta kwake ni pambo. Ndivyo alivyopanga masomo pale ofisini: anaandika, anarudi nyuma, anaguna, anafuta, mpaka hesabu na sayansi zikakaa pamoja na bustani, kuimba na kupika, wavulana wakiwemo. Kipindi kimoja tu hakukigusa tena, cha mwisho Ijumaa: Kuomba Radhi. Mtoto husimama mbele, hutaja kosa lake, kisha husema atalitengenezaje. Kwenye kikao cha wazazi Mzee Nchagwa, mwenye ng'ombe wengi, alicheka waziwazi. "Mwalimu, hilo nalo ni somo?" Mwalimu akamjibu kwa ile sauti yake ya chini inayonyamazisha watu: "Unaogopa watashindwa, mzee, au unaogopa wataliweza?"

Haikupita wiki, ng'ombe wa mzee wakavamia bustani ya watoto, wakamaliza mchicha wote. Ijumaa akaja mwenyewe, akavua kofia, akapanga foleni nyuma ya watoto. "Ng'ombe wangu wamekula mboga zenu. Nisameheni." Binti yake, Robi, akanyoosha kidole. "Baba, bado sehemu ya pili." Mzee akaligeukia darasa tena. "Nitawajengea uzio." Makofi yakalipuka hadi mabati yakatetemeka. Baadaye mzee akachungulia ofisini. "Mwalimu, kipindi chenyewe kifupi mno. Ijumaa ijayo namleta kaka yangu. Tuna mambo ya mpaka wa shamba." Mwalimu akageukia ubao, akakunja ngumi kwa furaha, kisha akaikunjua, akafuta kwa kiganja kipindi kinachotangulia Kuomba Radhi.